Safari ya siku moja na mtoto mdogo: tupeane uzoefu

Mama Tumaini, Nakuru
Jumapili tunampeleka mtoto wa mwaka na nusu Ziwa Bogoria, twende na kurudi siku hiyo hiyo. Uji uko tayari, leso mbili ziko tayari. Jana shemeji akaniuliza, "Na pale penye maji ya moto mtamwachia akimbie?" Usingizi ukaniishia. Mliowahi kutoka na watoto wadogo, nisaidieni.

Mzee wa Lanet
Usimshushe mgongoni. Yale maji yanachemka kweli, watu huchemshia mayai. Na ardhi ya pembeni imekauka juu tu, chini ni tope la moto. Wetu tulimbeba kwa zamu hadi tukarudi garini. Tena mvue sweta mkifika Mogotio. Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari, Bogoria ni kama 1,000. Baridi ya asubuhi itabaki huku.

Dada wa Milimani, Kisumu
Kwa hilo la kumbeba, naunga mkono.

Baba Malaika
Nimesoma hii nikakumbuka Menengai, mwaka jana. Tulisimama ukingoni mwa lile shimo la volkano, mke akashuka kutandika leso. Mtoto ana miaka miwili, analia kwenye kiti chake, nikampa funguo anyamaze. Nikafunga mlango ili nizunguke nitoe kikapu. Nikasikia *tak*. Milango yote.

Saa saba, jua la utosi, vioo vimepandishwa. Mwanzoni alicheka, akawa anagonga kioo na zile funguo. Tunamwonyesha kwa kidole, bonyeza mama, bonyeza, naye anatupungia mkono. Baadaye nywele zikalowa jasho, zikamganda kwenye paji la uso, akanyamaza. Kile kimya ndicho kilinimaliza. Nikaokota jiwe nikapiga kioo cha mbele mara tatu, kikapasuka nyufa nyufa kisiachie. Kijana mmoja muuza asali akanishika bega: "Mzee, piga cha pembeni, kwenye kona, upande asiokaa mtoto." Pigo moja tu. Mke alipomtoa alikuwa bado ameshikilia funguo. Mpaka leo nikisikia mlango wa gari ukijifunga, mwili wote unasisimka.

Shangazi wa Maseno
Jamani. Mwambie mama yake pole sana.

Mkweli Daima
Lakini funguo unampaje mtoto? Huo ni uzembe.

Mama Mapacha, Eldoret
Umewahi kusafiri na mtoto anayelia tangu Nandi Hills hadi Kisumu? Mwache mwenzako. Amesimulia ili wetu wapone.

Mkweli Daima
Nimesema ukweli.

Mama Mapacha, Eldoret
Ukweli useme na huruma.

Fundi wa Shabab
Yule kijana alijua. Kioo cha mbele kina utando wa plastiki katikati, hakimwagiki. Vya pembeni vingi humwagika punje punje ukigonga kona kwa kitu chenye ncha. Msingojee fundi kama mtoto yuko juani, kioo kinanunuliwa.

Dada wa Milimani, Kisumu
Na kutapika je? Wangu kona za Kapsabet hazimwachi. Simlishi kabisa kabla ya safari.

Shangazi wa Maseno
Tumbo tupu ndilo linalotapisha. Mpe ndizi nusu, na ganda la limau anuse.

Mzee wa Lanet
Ndizi sawa, ila si ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru. Nyani aliichukua kutoka mkononi mwa mjukuu wangu, akamwachia mkwaruzo kwenye kidole gumba. Tulimpeleka hospitali siku hiyo hiyo akaanza sindano za kichaa cha mbwa.

Mama Tumaini, Nakuru
Asanteni, nimeandika yote. Ufunguo wa akiba nitaufunga kwenye pindo la leso yangu. Mzee wa Lanet, heroe wanaonekana kutoka mbali, au lazima tushuke hadi ukingoni mwa maji?

Mzee wa Lanet
Wanaonekana mkiwa barabarani, mwanangu. Kaeni hapo hapo.