Stempu za Kiyahudi: nikate hiki kipande?

Bintimkusanyaji: Habari wapendwa. Marehemu babu aliniachia bahasha ya stempu. Moja ni ya Israeli ya 1948, mil 10 (mil ni fedha ndogo ya huko wakati huo), ina picha ya sarafu ya kale, ila jina la nchi halimo! Chini imeungana na kipande cha karatasi chenye Kiebrania. Nilitaka kukikata ili ikae vizuri kwenye albamu, roho ikasita.

Mzee wa Albamu: Binti yangu, weka mkasi chini! Hiyo ni Doar Ivri, yaani "Posta ya Kiebrania". Zilichapwa kabla jina la taifa halijaamuliwa, zikatoka 16 Mei 1948. Ziko tisa, mil 3 hadi 1000, na sarafu hizo ni za Wayahudi walioasi utawala wa Warumi. Kipande hicho kilikuwa kwenye safu ya mwisho ya karatasi tu, ndiyo maana ni adimu. Kikikatwa, thamani imekwenda. Usiilowanishe wala kuibandika.

Sarafu_na_Stempu: Mimi hukusanya zaidi stempu zenye watu maarufu. Einstein wa Israeli, 1956. Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara akijificha Wanazi na akafa kambini mwao, wa Ujerumani Magharibi, 1979, mwaka ambao angetimiza miaka 50. Hiyo siwezi kuipita haraka. Ya Hanukkah, sikukuu ya taa ya Kiyahudi, ya 1996, Marekani na Israeli walitoa pamoja, mchoro mmoja. Tafuta zote mbili.

Bintimkusanyaji: Asante mzee, asante ndugu. Nimeirudisha kwenye bahasha kama babu alivyoiacha. Kumbe alijua.