Nitapimaje ugumu wa nywila ya waifai ya dukani kwangu?

Wakuu, nina duka la kuchapisha nyaraka hapa Mikindani, Mtwara. Bando linakata kabla ya adhuhuri. Nywila yangu ni namba ya simu ya duka, ile ile iliyopakwa rangi mlangoni. Nataka kuipima kwa Aircrack-ng, programu ya kujaribu kuvunja nywila za waifai. Nianzie wapi?

Jibu: Mkuu, hiyo ibadilishe leo hii! Kisha pima ruta yako tu. Ya jirani itakuingiza kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Programu hunasa salamu za WPA2 (mfumo wa ulinzi wa waifai), yaani ujumbe wa kuunganishana kati ya simu na ruta, halafu huzijaribu kwa orodha ya maneno. Nywila isiyo kwenye orodha haipatikani.

Jibu: Zima na WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwenye ruta kwa kitufe au PIN bila kuandika nywila. Udhaifu wa PIN yake unajulikana tangu 2011.

Muulizaji: Nimezima. Nywila sasa ina herufi 20. Asanteni mno, jioni nikifunga duka naipima.