Vibano vya mbao vinavyopinda: namna ya kuvirekebisha ili visiinue uso wa meza

Seremala wa Katuba

Mafundi wenzangu, nawasalimu. Nina karakana ndogo hapa Lubumbashi, upande wa Katuba, na kazi yangu kubwa ni meza na milango ya mbao za mulombwa. Vibano virefu vya chuma, vya kubania mbao hadi gundi ikauke, ni ghali, na vile vya bei nafuu hupinda mapema, kwa hiyo nimejitengenezea vya mbao. Mhimili ni wa mbao ya mubanga, upana wake milimita 60 na unene milimita 30, nami nimeulaza bapa. Taya moja limefungwa mwishoni na limebeba skrubu, chuma cha hesi cha M12, yaani chenye kipenyo cha milimita 12. Taya la pili linatembea juu ya mhimili na kuzuiwa na pini ya chuma inayopita katika matundu niliyotoboa kwenye ule upana, katikati yake.

Ninapounganisha mbao za uso wa meza, mwanzoni zinalala sawa. Nikiongeza nguvu, katikati panainuka, na nikipitisha ukucha juu ya kiungo nasikia ufa mwembamba upande wa juu, ilhali chini kumebana kabisa. Nikikaza zaidi, hali inazidi kuharibika. Tena nati, ambayo niliizamisha kwenye uso wa nje wa taya, imeanza kung'oka, na tangu mvua zianze taya linalotembea linakwama hadi nilipige nyundo. Je, nitafute mbao nyingine, niongeze unene, au mpango wenyewe wa kibano ndio wenye kasoro?

Fundi wa Kamalondo

Ndugu wa Katuba, usibadilishe mbao. Mubanga ni mti mgumu na mzito, na kwa mhimili sioni sababu ya kuuacha. Kasoro iko katika namna ulivyoulaza.

Nguvu ya skrubu haipiti ndani ya mhimili bali juu yake. Kila unapokaza, mbao za meza zinasukuma vichwa vya mataya kwenda nje. Mhimili unavutwa, na wakati huohuo unapinda, tumbo lake likija juu kuelekea kazi yako, huku mataya yakiegemea nje. Hapo uso wa taya haugusi tena unene wote wa mbao. Unabana kwa ukingo wa chini tu, na kiungo kinachobanwa chini hufunguka juu. Ndiyo maana kuongeza nguvu kunaongeza ufa badala ya kuufunga.

Dawa ya kwanza haikugharimu hata faranga moja: usimamishe mhimili huohuo kwa ubavu, kimo kiwe milimita 60 na upana 30. Ukakamavu wa mbao hufuata kimo kikizidishwa kwa kimo, kisha tena kwa kimo, ilhali upana unaongeza kwa kiasi chake tu, kwa hiyo mbao ileile ikisimama ni kakamavu mara 4 kuliko ikilala. Ni kweli kwamba kitovu cha mhimili kinakuwa mbali zaidi na skrubu. Ikiwa skrubu yako iko milimita 35 juu ya mhimili, umbali huo unatoka 50 na kufika 65, na faida halisi inabaki karibu mara 3. Hata hivyo ni faida kubwa kuliko utakayoipata kwa kununua mbao mpya. Ukitengeneza vingine, nakushauri uanze na kimo cha milimita 80.

Matundu yako yasikutie wasiwasi. Yaliyotobolewa katikati ya upana sasa yatakuwa katikati ya kimo, mahali ambapo nyuzi za mbao hazibebi mzigo mkubwa wa kupinda. Tundu la milimita 10 hapo linapunguza ukakamavu kwa chini ya asilimia 1. Ungelitoboa karibu na ukingo wa juu au wa chini, hapo ningeogopa.

Halafu uchonge uso wa mataya uegemee ndani kidogo sana, kiasi cha milimita 1 kwa kimo cha 60, ili kichwa cha taya kiguse mbao kwanza. Ukianza kukaza, taya linarudi nyuma na uso wote unakaa wima. Ni kazi ya randa ya dakika chache, na katika marekebisho yote ninayoyajua hili ndilo ninalolithamini zaidi, kwa sababu linakubali kwamba kila kibano hupinda na linatangulia kupinda huko. Mwisho, panga vibano kwa zamu, kimoja chini ya meza na kinachofuata juu yake, ili kile ambacho kimoja kinataka kuinua, kingine kikishushe.

Mkereza Vyuma

Niongeze kuhusu nati peke yake. Skrubu inaposukuma mbao mbele, nati inasukumwa nyuma kwa nguvu ileile. Ukiizamisha kwenye uso wa nje wa taya, hakuna kinachoishika isipokuwa gundi, na lazima itoke. Ihamishie uso wa ndani, ule unaotazama kazi, na chini yake uweke bamba la chuma lenye tundu, ili nati ikandamize bamba na bamba ligawanye mzigo juu ya mbao. Hata bila gundi haitaondoka.

M12 inasogea milimita 1.75 kwa kila mzunguko, na M16 inasogea milimita 2, kwa hiyo mwendo unakaribiana. Faida ya M16 ni kwamba haipindi kirahisi. Ukitaka skrubu inayokwenda haraka na isiyokula hesi zake, tafuta yenye meno ya mraba au ya trapeza kutoka katika jeki au mashine iliyokufa. Kwa fundi wa kukereza vyuma, kuchonga nati yake si kazi kubwa. Ncha ya skrubu uiviringishe kwa tupa, na ndani ya kigodoro cha mbao kinachogusa kazi uweke kipande cha chuma, la sivyo ncha itakitoboa.

Mama Seremala, Ruashi

Yaya, yaani kaka yangu, kuhusu taya linalokwama, tazama majira uliyolitengeneza. Kama ulichonga tundu lake mwezi wa saba au wa nane, mbao zilikuwa zimekauka kabisa, na sasa mvua zimefika, mhimili umevimba. Hapa Lubumbashi tofauti ya kiangazi na masika ni kubwa mno kwa kipande kinachopaswa kuteleza. Mimi huacha nafasi ya milimita 1 upande wa kimo ninapochonga wakati wa kiangazi, na karibu nusu yake ninapochonga wakati wa mvua, kisha nausugua mhimili kwa nta ya mshumaa. Nta inazuia unyevu kidogo, inatelezesha taya, na gundi nyeupe inayodondoka haishiki. Ikikauka unaibandua kwa kucha.

Lakini usiongeze nafasi hadi taya liyumbe. Ili lisiegemee sana, sehemu yake inayokumbatia mhimili iwe ndefu angalau sawa na kimo kinachosimama juu ya mhimili. Naona watu wengi wanachonga taya refu na jembamba kwa sababu linapendeza, na hilo ndilo linaloegemea kwanza. Nyuzi za mbao katika taya ziende juu na chini, zikikingamana na mhimili; zikilala sambamba na mhimili, kichwa kitavunjika kwenye mstari wa nyuzi siku utakapokaza kwa nguvu.

Na jambo moja ambalo si la kibano: kabla ya gundi, panga mbao kavu na uzisogeze kwa mikono tu. Kiungo kikionyesha mwanga, rudi kwenye randa. Kibano kimewekwa kushikilia kiungo kilichonyooka hadi gundi ikauke, na mbao iliyolazimishwa inakumbuka umbo lake kiangazi kikija.

Seremala wa Katuba

Nawashukuru sana nyote. Mama, ni kweli, niliyachonga mwezi wa nane. Nimesimamisha mhimili mmoja kwa ubavu na kulichonga taya upya, nikajaribu bila gundi: rula ya chuma niliyoilaza juu ya mbao haikuonyesha tena mwanga katikati, ingawa nilikaza kama kawaida. Swali lililobaki ni mahali pa kulaza mbao. Meza zangu zina unene wa milimita 30 na skrubu iko 35 juu ya mhimili. Je, mbao ziguse mhimili moja kwa moja? Na kwa meza ya mita 1.5 nahitaji vibano vingapi?

Fundi wa Kamalondo

Zisiguse. Katikati ya unene wa mbao panapaswa kuwa sawa na katikati ya skrubu. Katikati ya mbao zako ni milimita 15, kwa hiyo weka chini yake vipande vya milimita 20, na 20 na 15 vinakupa 35 kamili. Vipande hivyo vipakwe nta pia, na vitaacha nafasi ya kufuta gundi inayotoka chini.

Kuhusu idadi, chukua kwamba nguvu ya taya inatawanyika ndani ya mbao kwa pembe ya takriban nyuzi 45 kila upande. Kama mbao ya pembeni ina upana wa milimita 100, inapofika kwenye kiungo cha kwanza imeenea milimita 100 kushoto na 100 kulia, kwa hiyo vibano vikae kila milimita 200 au 250. Meza ya mita 1.5 itataka 6 au 7. Ukiwa na vichache, weka kati ya taya na meza mbao nene iliyonyooka, yenye upana wa milimita 100 hivi, urefu wote wa ukingo. Hiyo itaeneza nguvu na unaweza kufanya kazi kwa 4. Uikague kwa rula kila mara kabla ya kuitumia, kwa sababu ikipinda, meza nayo itapinda.