Kwenye zebra, nani anamponza mwenzake?

Mleta mada (mkufunzi wa udereva, Dar es Salaam)
Wakuu, ajali ikitokea kwenye zebra kila upande unautupia mwingine lawama. Madereva: "watu wanajirusha barabarani." Waenda kwa miguu: "madereva hawasimami." Nasema wote hawajui kupima mwendo. Gari la kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Barabara ya mita 7 mtu mzima anaivuka kwa sekunde 6 hivi. Muda huo gari limeshakwenda mita 130. Lile analoliona liko mbali, mita 100, linamkuta hajamaliza kuvuka. Dereva naye anajiaminisha breki. Akiwa 50, mwendo halali kwenye makazi, sekunde moja ya kushtuka ni mita 14, na kusimama mita 14 nyingine, lami ikiwa kavu na tairi nzima. Akiwa 80 anahitaji karibu mita 57.

Dereva wa daladala
Mkuu, kusimama peke yake hakutoshi. Daladala ikisimama kushoto inamziba anayevuka, na wa kulia anapita bila kumwona. Simama mita kadhaa kabla ya mistari, washa hazadi, na usimpungie mtoto mkono avuke. Ataamini barabara nzima iko salama, kumbe umesimamisha upande wako tu.

Bodaboda, Morogoro
Mistari yenyewe ikilowa inateleza. Wenzetu wengi hukanyaga breki ya nyuma tu wakiogopa kupinduka. Gurudumu linafunga, pikipiki inaserereka. Ukipunguza mwendo uzito huhamia mbele, kwa hiyo tumia breki zote mbili, ya mbele uibane taratibu, tena kabla hujafika kwenye rangi. Lakini rangi ikishafutika na taa hakuna, msitulaumu sisi pekee.

Mzazi
Hesabu nzuri, ila sikubali mtoto wa darasa la pili awekwe mizani moja na dereva. Mtoto hana uwezo wa kukadiria mwendo wa gari, na anayeuchagua mwendo huo si yeye. Wekeni matuta.

Mleta mada
Hapo umenishika, mzazi. Bora zebra ichorwe juu ya tuta pana, maana jembamba bodaboda hulikwepa kwa kupita pembeni, kwenye njia ya miguu. Ila kwenye barabara kuu ya malori, tuta lisilo na kibao wala rangi linafanya magari yagongane kwa nyuma. Huko mngependekeza nini?