Mfereji wa udongo ukisakafiwa zege, shamba la pembeni linabaki na nini?

Swali: Wakuu, habari. Mfereji wa skimu ya umwagiliaji huku Moshi Vijijini unasakafiwa zege. Migomba ya chini yake inaishi kwa maji yanayovuja, na kisima kifupi kiko mita 15 tu kutoka mfereji. Vitaathirika?

Jibu 1: Vitaathirika, mkuu. Maji yanayookolewa kwa ajili ya wakulima wa mwisho wa mfereji ndiyo hayo yanayolisha migomba na kisima. Pima kabla mafundi hawajaanza. Ziba kipande cha mita 50 kwa mifuko ya udongo pande zote mbili, jaza hadi kina cha kawaida, chomeka kijiti chenye alama, rudi baada ya saa 24 zisizo na mvua. Uso wa maji ukiwa na upana wa mita 1.2 na yakashuka sentimita 10, zimepotea mita za ujazo 6. Pima na kina cha kisima, piga picha. Bila namba, madai hayatasimama.

Jibu 2: Ombeni tundu la kuchepushia maji lenye geti dogo kabla zege halijamwagwa, kulikata baadaye ni kukaribisha nyufa. Na shamba liandikwe kwenye zamu za maji, la sivyo ni ugomvi kila wiki.

Jibu 3: Upande wa juu nao msiusahau. Wakati wa masika maji ya mteremkoni yatakosa pa kuingilia, yatasimama shambani na kusukuma ukuta. Mfereji ukikaushwa ghafla kwa usafi, ukuta unabinuka. Wekeni ukutani matundu ya bomba la inchi 2 ya kupitisha maji hayo, nyuma yake kokoto. Bila kokoto udongo laini hupita, nyuma ya zege kunabaki pango.