Naomba ushauri: kunakili DVD zangu kwenye laptopu kabla ya kusafiri kwa miaka miwili

Mwenye Kasha aliandika:

Wanajamvi, salaam. Nimepata nafasi ya masomo nje ya nchi kwa miaka miwili, na zimebaki wiki tano niondoke. Nina kasha la DVD zipatazo 140 ambazo nimezikusanya tangu nikiwa kijana, na kwa uzito wake siwezi hata kufikiria kulitia kwenye mizigo. Ninachotaka ni kuzinakili kwenye laptopu ili nizitazame huko niendako bila kutegemea intaneti, kwa kuwa nyingi kati yake sijaziona kwenye huduma za mtandaoni, na hata zile zilizopo huweza kuonekana katika nchi moja na kufungwa katika nchi nyingine.

Laptopu haina kisomeo cha diski, kwa hiyo nimenunua cha nje kinachochomekwa kwa waya wa USB. Hifadhi yake ni gigabaiti 512, na nafasi iliyobaki ni kama gigabaiti 340. Juzi nilijaribu filamu moja. Nilifungua diski, nikakuta folda iitwayo VIDEO_TS, nikaiburuta yote kama ilivyo. Nilichopata ni faili tano kubwa, filamu imekatwa vipande, na katika vipande viwili picha ilijaa miraba ya kijani na waridi huku sauti ikikwaruza.

Lipo jambo jingine, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Kati ya diski hizo, 22 zilirekodiwa na familia yenyewe: harusi za ndugu, mahafali, na moja ya hotuba ya marehemu baba siku alipostaafu. Hiyo ya baba huganda dakika ya 31, pale pale anapoanza kumshukuru mama. Nimeifuta, nimeirudia mara nyingi, na kila mara inagota mahali hapo. Naomba mnielekeze nianzie wapi.

Fundi wa Picha alijibu:

Pole, ndugu, na hongera kwa nafasi ya masomo. Nianze na hizo faili tano. DVD haihifadhi filamu kama faili moja, bali huigawa katika faili za VOB ambazo kila moja haizidi gigabaiti moja, na kando yake huweka faili ndogo zinazokiambia kichezeshi kipande kipi kifuate kipi, sauti ya lugha gani ipo wapi, na menyu ifunguke vipi. Ukiburuta faili bila programu inayouelewa mpangilio huo, unabaki na vipande tu. Miraba ya kijani na waridi ni suala tofauti: filamu nyingi za dukani hufungwa kwa msimbo uitwao CSS, na faili zilizonakiliwa zikiwa bado zimefungwa ndivyo zinavyoonekana.

Kazi yenyewe ina hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kuitoa filamu kwenye diski ikiwa faili moja ya MKV, yaani faili inayobeba picha, sauti na manukuu kwa pamoja, bila kupunguza chochote, na programu ya MakeMKV hufanya hivyo vizuri. Hatua ya pili ni kuibana kwa HandBrake ili ipungue ukubwa. HandBrake peke yake haifungui diski iliyofungwa, na ndiyo maana watu wengi huanza nayo wakakata tamaa mapema.

Sasa hesabu. Diski ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7 na ya matabaka mawili hubeba 8.5. Tuchukue wastani wa gigabaiti 6: filamu zako 118 za kununua zinafika gigabaiti 700 na ushei, nazo hazitaenea. Ukizibana kwa H.264, ambayo ni njia ya kubana video, filamu ya kawaida inashuka hadi gigabaiti moja au moja na nusu, na mkusanyo wote unaingia huku nafasi ya masomo yako ikibaki. Kwenye kipimo cha ubora kiitwacho RF, weka kati ya 18 na 22, ukikumbuka kwamba namba ndogo ndiyo yenye ubora mkubwa na faili kubwa. H.265 hubana zaidi, lakini kama laptopu yako ni ya zamani kidogo, itapata joto na kumaliza betri haraka wakati wa kutazama. Mimi ningebaki na H.264.

Mtunza Kumbukumbu alijibu:

Naomba, kwa heshima zote, nikusihi ubadili mpangilio. Ziache kwanza filamu za kununua, uanze na zile 22 za familia, na kati ya hizo ya baba iwe ya kwanza. Filamu ya dukani ikipotea, ipo nakala nyingine mahali fulani duniani. Hotuba ya mzee haina nyingine.

Tena diski hizo ndizo dhaifu zaidi. Diski ya dukani hupigwa muhuri kiwandani, vishimo vyake vikiwa ndani ya plastiki yenyewe, ilhali diski iliyorekodiwa na mtu huandikwa kwa mwanga wa leza juu ya tabaka la rangi, na rangi hiyo huchakaa kwa joto, unyevu na jua hata kama diski haijaguswa. Miaka miwili ya kukaa kwenye kasha bila mtu wa kuitazama si muda wa kuubeza. Habari njema ni kwamba diski za namna hiyo huwa hazina msimbo wa kufunga, kwa hiyo ugumu wako ni wa kusomeka tu.

Kuhusu ile inayoganda, usiendelee kuilazimisha kwenye kichezeshi. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni laini, kisha uikaushe kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, ukipangusa kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni. Kupangusa kwa mzunguko huweza kuacha mkwaruzo unaofuata njia ya leza, na mkwaruzo wa namna hiyo ni mgumu zaidi kurekebishika. Ishike kwa kingo tu. Iinue kwenye mwanga pia, uitazame upande wa lebo, kwa sababu mara nyingi watu hukagua upande unaong'aa na kusahau ule wa juu.

Baada ya hapo tumia programu ya GNU ddrescue. Hiyo haichezeshi video, bali husoma diski nzima sekta kwa sekta, kila sekta ikiwa na baiti 2,048. Inapokutana na sehemu mbovu huiruka, hukusanya kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, kisha hurudi kwenye zile sehemu mbovu na kuzijaribu tena na tena kwa utaratibu. Kinachonipendeza zaidi ni kwamba huandika kumbukumbu ya sehemu ilizokwisha kuzisoma, kwa hiyo unaweza kuisimamisha, ukahamishia diski kwenye kisomeo kingine, na ikaendelea pale ilipoachia. Visomeo havifanani macho: sekta iliyokishinda kimoja huweza kusomwa na kingine, hasa vile vikubwa vya kompyuta za mezani za zamani. Azima kwa mtu ukiweza.

Diski za familia usizibane kabisa kwa sasa. Zihifadhi zikiwa faili za ISO, yaani nakala kamili ya diski pamoja na menyu zake. Hata zote zikijaa hazizidi gigabaiti 100 na kidogo, na kichezeshi cha VLC kinazifungua bila shida. Na ukikuta diski inayochezeka kwenye mashine iliyoirekodi tu na kwingineko inaonekana tupu, basi huenda haikukamilishwa rasmi (finalize) baada ya kurekodiwa. Itafute mashine hiyo, au nyingine ya aina ile ile, kabla hujaamua kwamba imekufa.

Msoma Sheria alijibu:

Nitasema machache. Kumiliki diski hakumaanishi kwamba sheria ya kila nchi inakuruhusu kuinakili, na kuvunja msimbo wa kufunga hushughulikiwa tofauti na kunakili kwenyewe. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1998, iitwayo DMCA, inakataza kuvunja kinga hiyo hata kwa diski uliyoinunua mwenyewe. Uingereza iliruhusu nakala ya matumizi binafsi mwezi Oktoba 2014, kisha Mahakama Kuu ikaitengua ruhusa hiyo Julai 2015. Kwa hiyo soma sheria ya hapo ulipo na ya huko uendako kabla ya kuzigusa zile 118. Usimgawie mtu nakala, na diski zenyewe usiziuze. Zile 22 ambazo familia ilizirekodi yenyewe hazina mgogoro huo.

Msafiri wa Kudumu alijibu:

Nimeishi nje kwa miaka kadhaa na nakushauri ukamilishe yote kabla ya kuondoka. Usiseme utabeba diski chache na kisomeo ukamalizie huko. DVD nyingi za dukani zina namba ya eneo: 1 ni Marekani na Kanada, 2 ni Ulaya na Japani pamoja na nchi nyingine, 5 ni sehemu kubwa ya Afrika, Urusi na India. Kisomeo cha kompyuta kwa kawaida hukuruhusu kubadili eneo mara tano tu, kisha hubaki kwenye lile la mwisho daima. Nilimaliza nafasi zangu tano kwa kubonyeza tu bila kusoma ujumbe uliojitokeza, na kisomeo kizima kikawa hakinifai kwa nusu ya diski zangu.

Nunua pia diski kuu ya nje (hard drive) kwa ajili ya nakala ya pili, uiandae kwa mfumo wa kupanga faili wa exFAT badala ya FAT32, kwani FAT32 haipokei faili yoyote inayofikia gigabaiti 4, na ISO zako nyingi zitagoma. Ibebe kwenye begi tofauti na la laptopu. Nakala ya tatu ya zile za familia iache kwa ndugu unayemwamini. Kisha, wiki moja kabla ya safari, zima intaneti na ufungue filamu kadhaa, ukirukia katikati na mwishoni, kwa sababu faili mbovu huanza vizuri na kukatika baada ya saa moja.

Mwenye Kasha aliandika:

Nawashukuru sana. Kabla ya kuendelea nimejaribu filamu moja kwa njia ya hatua mbili. Imebanwa hadi gigabaiti 1.3 na rangi ni safi, lakini manukuu, yaani yale maandishi yanayopita chini ya picha, yametoweka, na mtu anapotembea haraka kingo zake zinatokeza mistari kama meno ya kitana.

Fundi wa Picha alijibu:

Umefanya vyema kujaribu moja kabla ya 118. Manukuu ya DVD si maandishi bali ni picha ndogo zinazowekwa juu ya filamu. Ukichagua aina ya faili ya MP4 kwenye HandBrake, vichezeshi vingi haviyaonyeshi yakibebwa kando. Chagua MKV, kisha kwenye kichupo cha manukuu uongeze kila lugha unayoitaka, nawe utaweza kuyawasha na kuyazima. Hakikisha pia kwamba hukuyaacha katika hatua ya kwanza.

Ile mistari hutokea kwa sababu baadhi ya video za DVD hurekodiwa kwa nusu mbili za mistari zinazopishana, na skrini ya laptopu huzionyesha zote kwa pamoja. Kwenye vichujio washa kile cha kutambua mistari hiyo pamoja na Decomb, kinachoiondoa. Utaona hali hii zaidi kwenye video za harusi kuliko kwenye filamu, na hiyo ni sababu nyingine ya kubaki na ISO zake: ukikosea kuchuja leo, asili ipo.

Mwenye Kasha aliandika:

Narejea kuwapa mrejesho. Niliiosha diski ya baba kama nilivyoelekezwa, nikaiacha ddrescue ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi ilikuwa imesoma karibu yote, sekta mia tatu na kitu zikiwa zimebaki. Nilimwomba binamu kompyuta yake ya mezani ya zamani, nikahamishia kazi huko na faili ya kumbukumbu, na kufikia jioni zilibaki sekta 19 tu ambazo hazikusomeka kwa namna yoyote. Nilipoifungua kwa VLC nikiwa na mama pembeni, dakika ya 31 picha iliyumba kwa kufumba na kufumbua, lakini sauti haikukatika. Mama amelisikia jina lake. Ameniomba nimwekee nakala kwenye simu yake, na kesho naanza zile za harusi.