Land Cruiser ya zamani inavuja uji mweusi gurudumu la mbele: je, ni sili pekee?

Mkulima wa Njoro

Hamjambo wenzangu. Nina pikapu ya Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1994, yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ambayo naitumia kubebea viazi kutoka shambani Mau Narok hadi Nakuru mjini. Tangu mvua za Aprili, gurudumu la mbele upande wa kushoto limekuwa likitoa uji mweusi mzito ambao si grisi wala si oili, bali ni kana kwamba vitu hivyo viwili vimepikwa pamoja, nao hutambaa hadi upande wa ndani wa tairi. Fundi niliyempelekea alibadilisha sili ya ekseli (pete ya mpira inayozuia oili kuvuja), na baada ya miezi minne uji ukarudi. Isitoshe, nikiingia shimoni nikiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 hivi kwa saa, usukani huanza kutetemeka kwa nguvu, na hautulii mpaka nipunguze mwendo hadi karibu kusimama.

Nimeamua kuifanya kazi hii mwenyewe nyumbani, kwa sababu kulipia kazi moja mara mbili kumenichosha, na pia kwa sababu nataka kulijua gari langu. Ninazo spana za kawaida, jeki, na kijana wangu wa kunisaidia. Naomba kujua kama sili yenyewe ndiyo mbovu au kuna jambo jingine linaloiua, na kama huko kutetemeka kwa usukani ni sehemu ya ugonjwa huo huo.

Fundi wa Kibuye

Ndugu Mkulima, pole kwa gharama. Nimetengeneza magari haya Kisumu kwa miaka mingi, na nakuambia wazi kwamba sili nzuri haifi yenyewe katika miezi minne. Ipo sababu iliyoachwa ndani, na hiyo ndiyo ya kutafutwa kabla hujanunua sili nyingine.

Ekseli yako ya mbele ni bomba moja la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, na kila mwisho wake una tufe la chuma linalowezesha gurudumu kukata kona. Ndani ya tufe hilo mna jointi ya sivi (CV), yaani kiungo kinacholizungusha gurudumu hata likikata kona, iliyojazwa grisi, na ndani ya bomba mna oili ya difu, yaani gia za ekseli. Kinachotenganisha grisi na oili ni sili moja ndogo inayoikumbatia shafti, yaani mtaimbo unaozungusha gurudumu. Sili hiyo ikishindwa, oili huvuka, huiosha grisi kutoka kwenye jointi, kisha mchanganyiko wake hutokea nyuma ya tufe, kwenye mpira wa kufutia. Kwa hiyo uji unaouona kwenye tairi ndio hasara ndogo. Hasara kubwa ni jointi inayozunguka bila grisi na difu inayopungukiwa oili bila wewe kujua.

Anza na kipumulio cha ekseli, ambacho ni kofia ndogo iliyo juu ya bomba. Difu ikipata joto, hewa iliyo ndani hutanuka na hutakiwa kutokea hapo. Kipumulio kikizibwa na tope, hewa hutafuta njia nyingine, nayo huwa ni kuisukuma oili kupita kwenye sili. Ni kazi ya dakika kumi, na bado nimepokea magari ambayo sili zake zilibadilishwa mara tatu bila mtu hata mmoja kukigusa kipumulio.

Baada ya hapo itazame shafti pale sili inapokaa, na upitishe ukucha juu yake. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, basi sili mpya itakaa kwenye mfereji ule ule wa ile ya zamani na itavuja vile vile. Dawa yake ni kuiketisha sili bila kuizamisha sana, ili mdomo wake ukutane na sehemu ya shafti ambayo haijalika, au kuivisha shafti bati jembamba la kurekebishia. Kagua pia bushi ya shaba iliyo ndani ya spindo, yaani bomba fupi ambalo gurudumu huzungukia, kwa maana ikilika shafti hulegea na kucheza, na sili haiwezi kuishika shafti inayocheza.

Kuhusu kutetemeka, inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie kijana akanyage breki huku ukiendelea kulitikisa. Mchezo ukiisha, beringi za gurudumu ndizo zimelegea, kwa kuwa breki imeifunga habu, yaani kitovu cha gurudumu. Usipoisha, ubovu uko kwenye beringi mbili ndogo za juu na chini ya tufe, zile ambazo gurudumu hugeukia wakati wa kukata kona. Naamini ni hizo, na naamini ni ugonjwa mmoja na uvujaji wako, kwa sababu nazo hutegemea grisi ile ile iliyooshwa na oili.

Mama wa Kitale

Ndugu Mkulima, nilifanya kazi hii mwaka jana kwenye gari la familia, na naunga mkono yote aliyoeleza Fundi. Nitaongeza yale ambayo yangeniokolea siku nzima kama ningeyajua mapema.

Tafuta soketi ya milimita 54 kwa ajili ya nati mbili za habu. Usikubali tindo na nyundo, kwa maana tindo huharibu nati na huzuia kabisa kukaza beringi kwa kipimo. Beringi hukazwa kwanza ili ziketi, huku habu ikizungushwa mara kadhaa, kisha nati hulegezwa na kukazwa upya kidogo tu kabla ya washa ya kufungia kukunjwa. Vipimo vyenyewe vimo kwenye kitabu cha gari, na ni vyema kuvifuata.

Ukifika kwenye kifuniko cha habu na mkono wa usukani, utaona nati zimetoka lakini kitu hakitoki. Chini ya nati hizo mna washa zenye umbo la koni zilizojibana. Gonga ncha za boliti kwa kipande cha shaba na washa zitaruka nje zenyewe. Ukibandua kwa bisibisi utaharibu uso wa chuma. Kalipa, kile kifaa kinachobana breki, ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwenye mpira wake.

Juu na chini ya tufe utakuta vipande vyembamba vya chuma ambavyo mafundi huviita shimu. Tafadhali viweke kwenye bahasha mbili tofauti, moja ya juu na moja ya chini, na uandike. Hivyo ndivyo vinavyoiweka shafti katikati ya sili, na mtu akivichanganya shafti hukaa upande na sili mpya huanza kulika kuanzia siku ya kwanza.

Na jambo moja la usalama, ambalo nalisema kama mama: jeki peke yake si kitu cha kumlaza mtu chini ya gari. Weka stendi mbili juu ya ubao mpana, kwa kuwa udongo wa Njoro ni laini baada ya mvua, na uweke mawe kwenye magurudumu ya nyuma. Kijana asiingie chini kabla ya stendi kubeba uzito.

Dereva wa Ahero

Mimi naongeza habari ya maji, kwa sababu huku Nyando tunaishi nayo. Ekseli iliyotoka safari ndefu ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na kuyavuta maji kupitia sili au kipumulio. Fungua nati ya difu uitazame oili yake. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na oili hiyo haifai hata kidogo. Mwaga yote, weka oili ya gia ya 80W-90 ya kiwango cha GL-5, ukague tena baada ya wiki kadhaa. Kipumulio changu nimekiunganisha kwa mpira mrefu unaopanda hadi sehemu ya injini, na tangu hapo difu imebaki kavu.

Onyo moja: jirani aliyezoea Land Rover za zamani alimwaga oili kwenye tufe la Toyota, kwa kuwa zile za kwake hutumia oili humo. Hii yako inataka grisi, na kwenye jointi ya sivi iwe grisi yenye molibdenamu.

Mkulima wa Njoro

Ndugu zangu na Mama, asanteni sana. Tulifungua Jumamosi na kumaliza Jumapili jioni. Kipumulio kilikuwa kimezibwa kabisa na tope lililokauka, gumu kama tofali, hata ilibidi nilitoboe kwa waya. Nati za habu zilikuwa na alama za tindo. Ukucha ulinasa kwenye shafti, tukaiketisha sili kama Fundi alivyoelekeza. Breki ilipokanyagwa gurudumu liliendelea kucheza, na beringi ya chini ya tufe tulipoitoa ilikuwa na vishimo vidogo vilivyopangana, kila kimoja mahali ambapo rola hukaa gari linapokwenda moja kwa moja. Nikiizungusha kwa vidole ilikuwa inaingia kwenye vishimo hivyo na kusimama. Oili ya difu haikuwa na maji, ila ilikuwa imepungua kwa karibu lita moja.

Nimekwenda Mau Narok na kurudi mara nne nikiwa na mzigo. Tufe ni kavu nyuma, na usukani umetulia hata pale penye mashimo. Upande wa kulia nitaufungua kabla ya mavuno, kwa kuwa nao umepita kwenye tope lile lile, na soketi ya 54 sasa ninayo yangu.